Chumba cha Kulala si Ghala

Mvuvi wa dagaa wa Katonga hulala mchana. Usiku kucha yumo ziwani na taa zake, na jua linapochomoza, wakati akina mama wanaanika dagaa, yeye hurudi nyumbani kutafuta usingizi chini ya paa la bati linaloanza kupata moto. Kwa hiyo tunapozungumzia upambaji wa chumba cha kulala katika mwambao huu wa Kigoma, hatuzungumzii anasa. Asiyelala vema mchana atasinzia usiku ndani ya mtumbwi, na Ziwa Tanganyika si la kusinzilia: penye kina kirefu kabisa hufikia mita 1,470.

Siku hizi vijana wetu huonyeshana picha za vyumba vilivyopambwa kwa mtindo unaochanganya desturi za Japani na zile za nchi za Skandinavia: kuta nyeupe, mbao zenye rangi yake ya asili, mkeka, na vitu vichache mno. Wapo wanaodhani kuwa hayo ni mambo ya matajiri. La hasha! Nyumba ya jadi ya Kijapani hutandikwa tatami, yaani mikeka minene ya majani. Usiku godoro jembamba hutandazwa juu yake, na asubuhi hukunjwa likawekwa kabatini, chumba kikapata kazi nyingine. Bibi zetu waliokunja mikeka yao kila alfajiri wangecheka kusikia kwamba huo ni mtindo mpya.

Hata hivyo, si kila vazi la jirani litatukaa. Huko Sweden na Norway mchana wa majira ya baridi ni mfupi, hivyo weupe wa kuta husaidia kueneza mwanga mchache uliopo. Sisi mwanga tunao wa kugawa. Chokaa itufae kwa sababu nyingine: ukuta mweupe wa nje hurudisha joto la jua badala ya kulinyonya. Lakini dirisha la mvuvi litiwe pazia zito la kitenge chenye bitana nyeusi, na nyuma yake pawe na wavu wa mbu ili upepo wa ziwani uendelee kupita. Mwenye fedha kidogo aanze na dari, hata ikiwa ya mikeka, kabla ya kufikiria kabati la vioo.

Sasa tutazame uvunguni. Ni mara ngapi umeona nyavu mbichi, magunia ya dagaa, na hata dumu la petroli ya injini ya mtumbwi vimesukumwa chini ya kitanda wanacholalia watoto? Mama, hilo dumu litoke leo, kabla hujasoma mistari inayofuata. Mvuke wa petroli hutambaa sakafuni, na kibatari kimoja chatosha kuiteketeza nyumba nzima. Nyavu nazo zipatiwe kibanda uani. Chumbani vibaki kitanda cha mninga au cha kamba, sanduku la nguo, mkeka na kigoda. Maua ya plastiki yanayokusanya vumbi sina la kuyatetea.

Uvuvi uliposimamishwa katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, nyumba nyingi zilikuwa na siku tele na shilingi chache. Kazi nilizozitaja, isipokuwa dari, zataka siku kuliko shilingi.

Limebaki la chandarua. Zile siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa na mvuvi hulala usiku kama watu wengine, mbu nao wanamngoja. Chandarua kifungwe pembe nne, kichomekwe chini ya godoro, na kisionekane tena ufukweni kikivulia au kuanikia dagaa.