MKIMBIZI ALIYEKATALIWA AKIOMBA TENA



Hapa Nyamache twasikia wenzetu wakisema kwamba mkimbizi aliyekwisha kataliwa, kisha akaomba tena, anaichezea serikali tu. Pengine ni kweli. Pengine si kweli. Lakini karani hawezi kujua kabla hajaifungua barua yake, na hilo ndilo neno letu la leo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 humpa mtu aliyekataliwa na Kamishna siku 30 za kukata rufani mbele ya kamati, na akishindwa huko aweza kufika Mahakama Kuu. Hiyo ni rufani, yaani kuulizwa kama hukumu ya kwanza ilikuwa ya haki. Maombi ya pili ni jambo jingine. Hapo mtu asema: labda mlihukumu sawa siku ile, lakini tangu hapo mambo kwetu yamegeuka, au nimepata hati ambayo sikuwa nayo.

Uingereza wamelipima sana jambo hili. Mwaka 1996, katika shauri la Mnaijeria mmoja, Mahakama ya Rufani ya huko ilikubali kwamba mtu aweza kuomba hifadhi zaidi ya mara moja. Lakini si kwa kubadilisha tarehe juu ya karatasi ile ile. Lazima habari iwe haijapata kutazamwa, na ikiwekwa pamoja na ile ya zamani iwe na tumaini la kweli la kushinda. Mwaka 2006 likaja shauri la Mkongo. Majaji wakaeleza kwamba swali si kama waziri mwenyewe amesadiki, bali kama hakimu mwingine, akitazama kwa uangalifu mkubwa kabisa, aweza kusadiki.

Na huo uangalifu mkubwa ulitoka wapi? Ulitoka mwaka 1987, katika shauri la Mganda aliyekimbilia Kenya kwanza, kisha akaenda Uingereza. Walitaka kumrudisha huku. Majaji wakuu wakaona waziri hakupima habari kwamba Kenya ilikuwa imekwisha warudisha Uganda baadhi ya wakimbizi, wakaitengua amri yake. Twaona haya kidogo kwamba kanuni hiyo ilijengwa juu ya kosa la nchi yetu.

Wanaotaka mlango ufungwe baada ya neno la kwanza wakumbuke mwaka 2008. Watu wetu wa Gusii walikimbia Bonde la Ufa wakiacha mashamba, na maelfu ya Wakenya walivuka mpaka kuingia Uganda. Hata reli iling'olewa Kibera mwezi wa Januari. Sasa tuseme Mkenya aliomba hifadhi nchi za nje mwanzoni mwa Desemba 2007, akajibiwa kwamba kwao ni salama. Jibu hilo lilikuwa na maana gani wiki sita baadaye? Dereva wa treni haongozwi na signali ya jana.

Basi twataka hivi. Afisa akikataa maombi ya pili aandike sababu zake, si kupiga mhuri tu, na mtu asipakiwe kwenye lori kabla jaji hajazisoma sababu hizo. Na wewe mwanachama, ukiwa na jirani mkimbizi aliyepokea barua ya kukataliwa, mwulize leo ilifika tarehe gani. Zile siku 30 hazingoji mwisho wa mwezi.