Mzee Atoke Kwanza, Ndipo Arudi

Kuna swali linalozungumzwa katika familia zetu za pwani ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Baraka hadi Kazimia: mtu aliyefikia umri wa kupumzika, naye bado ana nguvu na akili timamu, je, arudi kazini? Wako wasemao arudi, kwa maana njaa haiulizi umri. Wako wasemao asirudi, kwa maana vijana wamekaa bure na diploma zao mkononi. Mimi nasema arudi, lakini kwanza atoke. Aache nafasi yake kwa haki, kisha arudi kwa saa chache, kwa kazi iliyoandikwa na malipo yanayojulikana. Anayekataa kutoka na anayerudi baada ya kutoka ni watu wawili mbalimbali, na ugomvi wetu mwingi unatokana na kuwachanganya.

Tumtazame kwanza yule asiyetoka. Katika shule zetu wamo walimu waliopita miaka 65 ambao wangali wanashika chaki kila asubuhi. Watu huwasema kwamba wanapenda ukubwa. Huko ni kuwaonea. Wanachokaa nacho ni hofu. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, lakini unakuja. Malipo ya mwisho wa kazi hungojwa miaka, na wako waliozikwa wakiyangoja. Aliyemwona mwenzake anaagwa kwa hotuba na nyimbo, kisha akamwona anakopa chumvi dukani, atashikilia kiti chake kwa mikono miwili. Nani atamlaumu?

Hofu hiyo haikuzuka jana. Nchi yetu ya Kongo ilianzisha mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, mwaka 1961, na wafanyakazi wakawa wanakatwa fedha wakitumaini kula uzeeni. Kisha ikaja miaka ya fedha kuoza. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Fanyeni hesabu wenyewe: aliyekuwa na zaire za zamani bilioni 300 alibakiwa na faranga moja. Mtu aliyeanza kazi katika miaka ya sabini, akaweka akiba kwa uaminifu, aliona jasho lake likiyeyuka bila yeye kukosa lolote.

Juu ya hilo, sisi wa eneo la Fizi tuliongezewa vita. Mwaka 1996 watu wetu walivuka ziwa kwa maelfu kwenda Kigoma, Tanzania, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikajaa jamaa zetu. Wanaokimbia usiku hubeba watoto, hawabebi mafaili. Barua za kuajiriwa, hati za kupangiwa shule, karatasi za malipo, vyote viliungua au kulowa. Wengi walianza kurudi kwa meli katika bandari ya Baraka kuanzia mwaka 2005, na wako walioshika kazi tena pasipo hata karatasi moja ya kuonyesha walianza lini. Mzee wa namna hiyo akiambiwa leta ushahidi wa miaka yako ya utumishi, ataleta nini zaidi ya wanafunzi aliowafundisha?

Ni kweli serikali imetengeneza sheria. Mwaka 2015 iliunda CNSSAP, mfuko wa watumishi wa dola, na sheria ya Julai 2016 ilifungua njia ya INSS kugeuzwa kuwa CNSS. Hata Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema mzee ana haki ya hatua maalumu za kumlinda. Maneno hayo ni mazuri, ila mzee wa Kazimia hawezi kuyapika. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mkazi aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza alikuwa karani au mvuvi. Fedha hizo zilikuwa kidogo, lakini zilimfikia mkononi. Visiwa vidogo vimeweza. Nchi yenye dhahabu na kobalti inashindwa na nini?

Sasa tumtazame kijana. Mzee asipotoka, nafasi yenye matrikule, yaani nambari ya mtumishi wa serikali, haifunguki. Kijana anayefundisha darasa la pembeni hubaki kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao serikali haijawatambua wala kuwalipa. Zamani aliishi kwa michango ya wazazi. Tangu Septemba 2019, shule za msingi zilipotangazwa kuwa za bure, madarasa yamefurika na michango hiyo haina ruhusa tena. Basi kijana huyo ana wanafunzi wengi na hana mshahara. Kila mwaka ambao mzee anaongeza katika kiti kile, anaukata katika maisha ya mwanawe. Wazee wangu, nawaambia kwa heshima: hilo halifai.

Lakini mzee akishatoka, tusimtupe. Penye wazee haliharibiki neno, na darasa lenye watoto wengi kupita kiasi linahitaji mtu anayejua kumfundisha mtoto kusoma bila kiboko na bila kitabu cha kutosha. Asubuhi mbili kwa juma zinatosha: amsaidie mwalimu kijana kupanga masomo, awashike watoto waliobaki nyuma, asahihishe imla. Muuguzi mstaafu anakijua kipindupindu cha pwani yetu tangu zamani. Siku ugonjwa unapoingia, sauti yake ndiyo watu wanayoisikia wanapoambiwa wachemshe maji. Mkunga mzee hahitaji kukesha zamu. Na aketi na wakunga vijana awaonyeshe dalili zisizoandikwa. Karani mstaafu aombwe kushika daftari la kikundi cha akiba na mkopo, zile AVEC ambazo mama zetu wanazitegemea, maana vikundi vingi huvunjwa na hesabu mbaya kuliko wizi.

Na mvuvi? Huyu hakukatwa fedha za mfuko wowote, wala hana tarehe ya kustaafu. Mwili wake ndio unaomwambia. Mzee asipelekwe tena ziwani usiku kuvua ndagala kwa taa katikati ya mawimbi. Kazi yake iwe ufukweni: kushona nyavu, kupima samaki, kuwapatanisha wenye mitego iliyogongana. Naye alipwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa ujuzi ni mali.

Anayefikiri kurudi na ashike mambo manne. Kwanza, aulize mfuko wake kabla ya kukubali mshahara wowote, maana sheria za mifuko mingi hutaka mpokea pensheni awe ameacha kazi ya mshahara. Asije akapoteza kikubwa kwa kufuata kidogo. Pili, makubaliano yaandikwe: saa ngapi, siku zipi, malipo gani, mwisho lini. Ahadi ya mdomo humpoteza mzee kuliko kijana, kwa kuwa mzee huona haya kudai. Tatu, asishike uongozi. Aliyekuwa mkuu wa shule akirudi awe mshauri, amwache mkuu wa sasa aongoze. Nne, mwili ukisema basi, iwe basi.

Nanyi watoto, sikieni. Wako wanaomsukuma baba kazini ili awalipie deni lao au awanunulie pikipiki. Huo ni unyonyaji, hata ukipewa jina la kumchangamsha mzee. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na anayetegemea jasho la mzazi wa miaka 70 anajitafutia laana bure. Mzee anayetaka kupumzika apumzike, alishe mbuzi wake, asimulie wajukuu. Kurudi kazini kuwe hiari yake, wala kusiwe adhabu ya kuishi muda mrefu.

Neno la mwisho nalielekeza kwa wenye mamlaka, kuanzia Kinshasa na ngazi ya mkoa hadi ofisi za Fizi na Baraka. Lipeni malipo ya mwisho siku mtu anapotoka. Kubalini ushahidi wa wenzake na wa kanisa kwa yule aliyepoteza karatasi vitani. Nanyi wakuu wa shule na wa vituo vya afya, tengeni kazi ndogo za saa kwa wastaafu mlio nao kijijini. Mkifanya hivyo, mzee atatoka bila hofu, kijana ataingia bila kinyongo, na ujuzi wa miaka mingi hautaingia kaburini kabla ya mwenyewe. Msipofanya, msishangae kumkuta mtu wa miaka 75 akiwa bado mbele ya ubao, na kijana mwenye diploma akiwa bado nje ya mlango. Kosa halitakuwa la mmoja wao.