Kukata miti ya ukingo ni kuukata mto, na kuwalaumu waliokimbia vita hakutaurudisha

KABAMBARE, MANIEMA – Kila kiangazi maneno ni yale yale. Maji ya vijito yanapungua, ukingo unaanguka, samaki wanakuwa wadogo, na mtu wa kwanza kunyooshewa kidole ni yule aliyefika juzi na mzigo kichwani. "Wakimbizi wamemaliza miti," ndivyo inavyosemwa sokoni na barazani. Neno hilo lina ukweli kidogo na uongo mwingi, na uongo wake ndio unaozidi kuharibu mito inayoingia Luama.

Ukweli wake ni huu: familia iliyokimbia vita haina shamba wala kuni za akiba nyuma ya nyumba. Inakata mti ulio karibu, na mara nyingi mti ulio karibu ni ule wa njia ya maji. Lakini aliyefyeka ukingo ili apande mihogo hakukimbia popote. Aliyechimba udongo wa matofali kando ya kijito, kisha akayachoma kwa magogo mazima, ni mwenyeji. Mwenye magunia ya makala yanayosubiri gari, na yule anayegeuza mkondo ili aoshe mchanga wa dhahabu, hao hawalali chini ya hema. Mama mmoja na fungu lake la kuni hawezi kufyeka bonde. Wanaolifyeka ni wenye kuuza, na wenye mamlaka wanaowatazama bila kusema neno.

Mti unajenga mto, mto unajenga mti

Kabambare si jangwa. Mvua ya kusini mwa Maniema inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini sehemu kubwa ya nchi hii ni nyasi, na misitu myembamba inafuata mito kama pindo la kitambaa. Mvua inapokatika, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kijito kinaishi kwa maji yaliyojificha ardhini. Ndipo kazi ya ule ukanda wa miti inapoonekana.

Mizizi ya mkuyu inashika udongo wa ukingo. Mafuriko yakija, mashina yanapunguza mbio za maji. Maji yaliyopoa yanaangusha tope. Tope linapandisha ukingo na kuurutubisha. Sehemu ya maji inazama ardhini badala ya kukimbilia Lualaba, na baadaye inarudi mtoni polepole, siku ambazo hakuna wingu. Gogo lililoanguka majini linachimba shimo nyuma yake, na katika shimo hilo kambale anajificha. Kivuli kinafanya maji yasichemke kwa jua.

Mto nao unalipa deni. Unaleta tope jipya, unabeba mbegu kutoka juu, unalowesha udongo ili mche mdogo upate mizizi kabla ya kiangazi. Mti wa ukingo ni mtoto wa mafuriko.

Ukingo ukibaki uchi, mambo yanageuka. Udongo unaanguka kipande kwa kipande. Mkondo unapanuka na kuwa wa kina kifupi, mchanga unajaza mashimo ya samaki. Wakati wa mvua maji yanaingia mashambani kwa nguvu. Wakati wa kiangazi yanabaki kama uzi katikati ya mchanga, na wanawake wanachimba kwa mikono ili wajaze bidoni moja.

Mahali ambapo kosa halifichiki

Anayedhani hizo ni hadithi za wataalamu atazame nchi kavu za Kenya, ambako mvua haitoshi kuficha makosa. Kando ya Mto Tana, katikati ya nyika, msitu unasimama katika ukanda mwembamba tu, pale ambapo mafuriko na maji ya ardhini ya mto yanafika. Mtafiti Francine Hughes, aliyechunguza misitu hiyo miaka ya 1980, alionyesha kwamba miti yake inategemea mafuriko ili izaliwe upya. Ndiyo maana mabwawa yaliyojengwa upande wa juu, kama lile la Masinga lililomalizika mwaka 1981, yalizua wasiwasi: mafuriko yakipungua, wazee wa msitu wanabaki wamesimama, lakini watoto hawazaliwi.

Somo linakwenda pande zote mbili. Anayeharibu mti anaharibu mto, na anayeharibu mkondo anaharibu mti, hata kama hajashika shoka. Anayegeuza kijito ili aoshe dhahabu asijitetee kwamba hakukata kitu.

"Miti inakunywa maji"

Wapo wanaojibu kwamba miti ndiyo inayokausha mito, hivyo kuikata ni kuokoa maji. Jibu hili lisidharauliwe, maana lina kipande cha kweli. Kila mti unakunywa. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi inakunywa sana, na anayeipanda pale anafanya kosa. Huko Baringo na Turkana, mti wa mathenge ulioletwa kutoka ng'ambo ili kuzuia jangwa uligeuka vichaka vya miba vilivyoziba malisho na njia za maji, mpaka wakaaji wa Baringo wakaishitaki serikali yao mahakamani.

Lakini tofauti ni mti gani na umesimama wapi. Mikuyu na miti mingine ya asili inakunywa, kisha inalipa: inashika ukingo, inazamisha mafuriko ardhini, inatia kivuli. Anayeikata ili "aokoe maji" anafanana na mtu anayetoboa mtungi kwa sababu udongo wake unafyonza maji kidogo.

Waturkana walijua nani ni mwenye mti

Turkana, kaskazini ya Kenya, ni kavu kuliko Maniema mara nyingi. Mji wa Lodwar unapata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Hata hivyo kando ya Mto Turkwel migunga mikubwa imedumu vizazi na vizazi. Sababu moja ni desturi inayoitwa ekwar. Kipande cha ukingo na miti yake ni cha familia inayojulikana. Familia hiyo ndiyo yenye haki ya maganda ya mgunga yanayolisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mwingine akihitaji, anaomba. Kukata mti mbichi si jambo la mtu mmoja, wazee wanasikilizwa.

Desturi hiyo haikusema "usiguse". Ilisema nani ale matunda na nani aulizwe. Kabambare, kwenye vijito vingi, hakuna anayeulizwa. Mti wa ukingo umekuwa wa mtu yeyote, na kitu cha mtu yeyote hulindwa na nani? Hapo ndipo chanzo cha tatizo kilipo, si katika hema la mkimbizi.

Chakula bila moto

Turkana hiyo hiyo inatoa somo la pili. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kando ya Mto Tarach, na ugomvi wa kuni kati ya wakimbizi na wenyeji haukuchelewa. Mashirika yalianza kununua kuni kwa wenyeji na kuwagawia wakimbizi. Kuni hizo hazikutosha, na ugomvi haukuisha. Hata hivyo jambo moja lilikubaliwa: mtu aliyepewa nafaka lazima aipike, na moto wake una gharama.

Anayegawa maharagwe makavu bila kufikiria yatapikwa kwa nini, amegawa pia miti ya ukingo. Maharagwe yanadai saa nyingi za moto. Mashirika yanayoleta chakula katika eneo la Kabambare yanapaswa kuulizwa swali hilo mbele ya watu, kabla ya kumwuliza mama kwa nini alikata tawi.

Kumfukuza asiye na nguvu hakuleti maji

Tanzania ilijaribu njia ya kunyoosha kidole. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Wafugaji wa bonde la Usangu wakabebeshwa lawama, na mwaka 2006 wakaanza kuondolewa na ng'ombe wao. Watafiti walikuwa wamekwisha kueleza kwamba sababu kubwa ni maji yaliyotolewa mtoni kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa mpunga. Wafugaji waliondoka, mto uliendelea kukauka.

Wanaotaka wakimbizi waondolewe kandokando ya vijito vya Kabambare wasome habari hiyo mara mbili. Wakiondoka, tanuri za matofali zitabaki, makala yatabaki, mashimo ya dhahabu yatabaki.

Sheria ipo, mipaka haipo

Sheria ya misitu ya Kongo, nambari 011/2002 ya tarehe 29/08/2002, inakataza kufyeka miti ndani ya mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Mita 50 ni hatua kama 70 za mtu mzima. Yeyote anaweza kuzihesabu; hahitaji mtaalamu kutoka Kindu.

Kinachokosekana ni watu wa kuzihesabu. Wakuu wa vijiji na wazee waitembee mipaka hiyo kabla mvua ya mwezi wa tisa haijarudi, na waiwekee alama. Kila kipande kipewe familia za kukitunza, za wenyeji na za waliokimbia vita pamoja, zikiwa na haki ya matunda, asali na matawi yaliyokauka. Mkimbizi akiwa na haki juu ya kuni kavu, atakuwa wa kwanza kupiga kelele akisikia shoka usiku. Miti ya kuni ipandwe vilimani, mbali na chemchemi. Wanaoosha dhahabu waoshee katika mashimo yaliyo nje ya mkondo, na maji machafu yatulie kabla ya kurudi. Faini iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni, kwa mama wa fungu moja na kwa bwana wa magunia mia. Na aanze kutozwa huyo wa magunia.

Kijiji kitakachokubali hivyo hakitaona mto umejaa mwaka ujao. Mkuyu haukomai kwa mwaka mmoja. Lakini mche ulioachwa hai kwenye tope la mvua hii utakuwa umeshika udongo kabla ya watoto wanaochota maji leo kuwa na watoto wao.