Digrii ya Pili ya Kifaransa: Mzee Auze Kiwanja au Asiuze?



Juzi kanipigia simu mtoto wa mjomba wangu. Ana digrii ya ualimu, masomo yake ni Kifaransa na Kiswahili, na anafundisha shule moja ya binafsi ambako akishalipa nauli na kodi ya chumba anabaki anahesabu siku. "Kaka," kaniambia, "nimepata nafasi ya kusoma masta ya Kifaransa. Mzee yuko tayari kuuza kiwanja cha Kibaha alipe ada. Wewe umepita huko. Nisome nisisome?"

Nikamwambia anipe wiki moja. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, na mjomba hana kingine. Halafu nikafikiri kwamba swali lake si lake peke yake. Najua wapo wengi wenu mnaosoma hapa huku mmefungua ukurasa wa pili wa fomu ya chuo. Basi jibu langu nalitoa hadharani.

Tuanze na habari zenyewe. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Aprili 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikasaini mkataba wa kuingia. Burundi na Rwanda walishaingia tangu 2007. Kwenye karatasi, basi, mwenye digrii ya pili ya Kifaransa katika nchi zetu alitakiwa awe anagombewa kama mpira wa kona. Mbona hagombewi?

Kuna watakaosema Kifaransa chenyewe kinakufa. Wana hoja. Rwanda mwaka 2008 iliamua shule zake zifundishe kwa Kiingereza. Mali kwenye katiba yake ya 2023 ilikiondoa Kifaransa katika nafasi ya lugha rasmi na kukiacha kama lugha ya kazi tu. Machi 2025 Niger, Burkina Faso na Mali zilitangaza kujitoa kwenye Jumuiya ya Nchi Zinazotumia Kifaransa, ile OIF. Na aliyechaguliwa kuiongoza OIF mwaka 2018 ni nani? Louise Mushikiwabo, Mnyarwanda, kutoka nchi ileile iliyohamia Kiingereza. Siasa za lugha ndivyo zilivyo, leo mlango huu, kesho ule.

Wengine watasema: Mkongomani akija Kariakoo kununua mzigo anaongea Kiswahili, tena anakupiga bei kwa Kiswahili, sasa Kifaransa cha nini? Hoja hii ni nzito zaidi. Lakini mfuateni huyo Mkongomani mpaka mwisho. Akitoka dukani, karatasi za forodha za kwao ni za Kifaransa. Akishtakiana na mwenye lori huko kwao, sheria na hukumu ni za Kifaransa. Mtoto wake anafanya mtihani wa taifa kwa Kifaransa. Na kama ametoka Kinshasa, Kiswahili chake kinaweza kuwa cha kuungaunga, maana kule wanaongea Kilingala. Kiswahili kinafungua mazungumzo, Kifaransa kinafunga mkataba. Sisi tunahitaji watu wanaoweza vyote viwili kwa kiwango cha juu.

Sasa hapo ndipo ugomvi wangu na masta yenyewe unapoanza.

Mimi nilijiandikisha kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kwa asiyejua, masta ya Kifaransa kwa kawaida ina njia tatu: isimu, yaani sayansi ya lugha yenyewe, fasihi, na ufundishaji wa Kifaransa kama lugha ya kigeni, ambao Wafaransa wenyewe wanauita FLE. Unasoma kozi, halafu unaandika tasnifu. Nilichagua ufundishaji, kwa sababu nilishasimama mbele ya darasa la kidato cha kwanza lenye watoto sitini na vitabu tisa.

Nilitaka kuandika kuhusu jambo moja dogo: mtoto anayejua Kiswahili anajifunzaje sarufi ya Kifaransa, na mwalimu anaweza kukitumiaje Kiswahili kumsaidia. Msimamizi wangu akacheka. Akasema mada hiyo haina nadharia, na hakuna marejeo ya kutosha maktaba. Nikabadilisha mada mara mbili. Mwisho nikaandika tasnifu kuhusu riwaya ya Kifaransa ya karne ya 19, ambayo Wafaransa wameshaiandikia makabati. Miaka miwili ikawa minne. Nikapata digrii, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyeisoma kazi ile zaidi ya watahini.

Sisemi fasihi ya Ufaransa haifai. Nasema kulikuwa na kazi mlangoni kwetu na hatukuigusa. Ngoja niwaonyeshe, hata kama hujui neno la Kifaransa utanielewa.

Chukua neno letu "ninamwona". Lipasue: ni-na-mw-ona. Wa kwanza ni mimi, halafu anakuja yule anayeonwa, ndipo kitendo. Kifaransa kinasema "je le vois": mimi, yeye, kuona. Mpangilio ni uleule! Kiingereza ndicho kinachompeleka yule anayeonwa mwisho wa sentensi. Lakini mwalimu wetu anamfundisha mtoto Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Mtoto anageuza mara mbili jambo ambalo kwa lugha yake alishalijua tangu anatambaa.

Chukua "nataka aende". Sisi tunabadilisha ile "a" ya mwisho kuwa "e", kwa sababu kwenda bado hakujatokea, ni matakwa tu. Kifaransa nacho kinabadilisha kitenzi: "je veux qu'il aille". Hii ndiyo dhamira tegemezi inayowatoa jasho wanafunzi nchi nzima. Wanatoka jasho kwa sababu wanaelezwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mabadiliko hayo karibu yameshapotea. Mwambie mtoto wa Tandika kwamba ni ile "aende" yake, uone kama hatakuelewa.

Chukua "alikuwa akisoma nilipoingia". Kuna kitendo kilichokuwa kinaendelea na kitendo kilichokikatiza. Kifaransa: "il lisait quand je suis entré". Na habari ya jinsia, kwamba nyumba ni "ya kike" na kitabu ni "cha kiume", inayowatisha watu kama nini? Mtu anayesema "kitabu kizuri kimepotea" na "nyumba nzuri imepotea" bila kufikiri ameshazoea nomino kuamuru maneno mengine. Wao wana makundi mawili tu. Sisi tuna M-WA, KI-VI, M-MI na wenzake kibao. Nani amtishe nani?

Wapi Kiswahili hakisaidii? Kwenye sauti. Masikio yetu hayatofautishi haraka "rue", barabara, na "roue", gurudumu. Zile irabu za puani nazo ni kazi. Halafu sisi tunasoma kila herufi tunayoiandika, wakati Mfaransa akiandika "ils parlent" zile herufi tatu za mwisho hazitamki kabisa. Hapo mwalimu anatakiwa kukazia, na muda wa kukazia angeupata kama asingeupoteza kule kwingine.

Hayo ni masomo ya masta kabisa, tena ya uzamivu. Profesa wa Paris hawezi kutufanyia, hajui Kiswahili. Sisi tunaoweza tunasubiri atuletee nadharia.

Nayo nadharia inakuja imeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Zile ngazi za A1 mpaka C2 ambazo leo kila cheti kinazitaja zilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, zikiwa na Wazungu wanaohama nchi moja kwenda nyingine ndani ya Ulaya. Si dhambi. Ila ndiyo maana kwenye vitabu vingi mtoto wetu anafundishwa kununua tiketi ya treni ya chini ya ardhi, mkate na jibini. Hafundishwi kujaza fomu ya mpakani Kobero au kumwelekeza dereva aliyetoka Bujumbura.

Kwenye fasihi ni hivyohivyo. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefariki Aprili 2025, alizaliwa Likasi, Katanga, na alifundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani. Fiston Mwanza Mujila, mwandishi wa Tram 83 iliyotoka 2014, ni mtoto wa Lubumbashi. Huo ni mji ambao ukishuka kwenye basi unasalimiwa kwa Kiswahili. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura. Petit pays yake ya 2016 inasimulia utoto wa mji huo kabla na wakati wa vita, na mwaka 2024 alipata tuzo ya Renaudot kwa Jacaranda. Tuzo hiyohiyo aliipata Mnyarwanda Scholastique Mukasonga mwaka 2012. Hawa ni majirani zetu, wanaandika kwa Kifaransa habari za maziwa yetu. Nani anafaa kuwasoma huku anasikia Kiswahili kikipumua chini ya Kifaransa chao kama si sisi? Tena nani awatafsiri moja kwa moja kwenda Kiswahili?

Sasa tuje kwenye pesa, maana kiwanja ni pesa.

Ufaransa. Wengi mnaota kwenda huko. Mwaka 2018 serikali yao ilitangaza, na kuanzia 2019 ikaanza, ada mpya kwa wanaotoka nje ya Ulaya: yuro 3,770 kwa mwaka kwa masta, wakati Mzungu alikuwa analipa 243. Vyuo vingi viligoma kuwatoza wageni ada hiyo kamili, kwa hiyo usikate tamaa kabla hujauliza chuo chenyewe. Wa uzamivu hawakuguswa na ongezeko lile. Ila ada ni mwanzo tu. Kuna chumba, chakula na makoti ya baridi. Bila ufadhili, kiwanja cha Kibaha kinaisha kabla ya Krismasi ya kwanza.

Kazi. Tuseme ukweli: wengi wanaishia kufundisha. Sekondari, vyuo, au wanafunzi wa nyumbani kwa nyumba. Si kazi ya aibu, lakini masta peke yake haipandishi mshahara wa shule ya binafsi. Sehemu yenye pesa nzuri ni ukalimani na tafsiri. Arusha ilikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyofanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo inatumia Kifaransa. Ipo Jumuiya yenyewe. Lakini sikiliza vizuri: masta ya riwaya haikufanyi mkalimani. Kukaa kwenye kibanda na vipokea sauti, ukisikia lugha moja na kusema nyingine papo hapo, ni ufundi unaosomewa peke yake. Nilijaribu mara moja kwenye semina fulani. Dakika ya kumi nilikuwa nimeloa jasho na mzungumzaji yuko aya tatu mbele yangu.

Kwa hiyo jibu langu kwa binti wa mjomba ni hili.

Mdogo wangu, usimruhusu mzee auze kiwanja wiki hii. Kwanza nenda chuoni kwa miguu yako, uliza mambo matatu. Moja, nani atakusimamia, na wanafunzi wake wa mwisho walimaliza kwa miaka mingapi? Usimuulize yeye, waulize wao. Pili, je, watakuruhusu kuandika tasnifu inayoweka Kifaransa na Kiswahili meza moja, iwe ya sarufi, ya ufundishaji au ya tafsiri? Tatu, kuna mpango wowote wa kukaa hata miezi mitatu mahali Kifaransa kinapotumika? Goma na Bukavu zimeingia mikononi mwa M23 mapema 2025, huko usithubutu. Lakini Bujumbura ipo, Lubumbashi ipo, Moroni ipo.

Ukipata majibu mazuri mawili kati ya matatu, soma, na mimi nitachangia ada ya muhula wa kwanza. Mjomba abaki na kiwanja chake mpaka tuone muhula wa pili. Ukipata moja au sifuri, baki ulipo, fanya mtihani wa DALF C1 kwa gharama ndogo zaidi, halafu tafuta kozi ya tafsiri.

Nimempigia jana usiku nikamsomea yote haya. Kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza: "Kaka, na ile mada yako waliyokukatalia, naweza kuichukua?"

Nimemwambia aichukue. Madaftari bado ninayo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliosoma Kifaransa Nairobi, Makerere, Dar, mlipitia nini? Na ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura, nyie mnaojua lugha zote mbili tangu utotoni, mnatuonaje? Tuambieni hapo chini, kwa Kiswahili chenu hichohicho.