Kompyuta Imepinduka, Mwiteni Asiyeona

Nimekaa kimya hapa kwa muda, mnisamehe. Nimerudi nikiwa na hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja alichomeka projekta kwenye kompyuta ya chumba cha habari, akachezea mipangilio, akaondoka zake. Tulipokuja kuandika habari, skrini ilikuwa kichwa chini miguu juu. Ukisukuma kipanya kushoto, mshale unakwenda kulia. Ukiupandisha, unashuka. Wasomi watano, wenye digrii zetu, tumepinda shingo kama kuku wanaochungulia mwewe. Mmoja akapendekeza tuigeuze skrini yenyewe, tuiegemeze ukutani. Msicheke, tulijaribu.

Kwenye kona alikuwepo dogo mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Haoni kabisa. Akauliza, "Kaka, mnahangaika na nini?" Nikamweleza. Akaomba kibodi.

Kwanza alijaribu Control, Alt na mshale wa juu, njia inayofanya kazi kwenye baadhi ya kompyuta. Haikukubali. Akabonya Control, Windows na Enter kwa pamoja, na kompyuta ikaanza kuongea! Hiyo sauti huja na Windows yenyewe, na miaka yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiamsha. Windows na herufi I, Tab, mshale, Tab, huku sauti ikimtajia kila alipofika, mpaka akafika kwenye mwelekeo wa skrini. Akachagua, akathibitisha haraka kabla kompyuta haijarudisha mambo ilivyokuwa. Dakika mbili. Kipanya hakukigusa.

Chumba kizima makofi. Eti muujiza! Wengine wakapiga picha naye.

Muujiza gani, jamani? Programu ya kusoma skrini haitazami picha mnayoiona ninyi. Inaiuliza Windows: hapa pana kitufe gani, kinaitwaje, kimechaguliwa au hakijachaguliwa? Kitufe hakibadiliki jina kwa sababu skrini imelala ubavu. Kwa hiyo siku ile waliokuwa na ulemavu wa kompyuta ni sisi, na aliyekuwa mzima ni yeye. Nani alitudanganya kwamba skrini ndiyo kompyuta?

Wiki tatu baadaye mafunzo yakaisha. Bosi akasema, nami nikiwa nimekaa palepale: "Kijana ana akili sana, tatizo kazi yetu ni ya kompyuta." Nilikuwepo. Sikufungua mdomo.

Halafu wanaleta kisingizio cha gharama. Gharama ipi? Ukiacha hiyo inayokuja na Windows, ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akajiunga naye James Teh, naye Mwaustralia asiyeona, kwa sababu programu za kununua zilikuwa ghali mno. Ni ya bure. Unaweza kuiweka kwenye flashi ukatembea nayo mfukoni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chai tunayokunywa kwenye vikao vya kujadili gharama.

Na sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Sisi tupo 40 na kitu. Piga hesabu: ni mtu mmoja na chenji. Tuna sifuri. Na sisi ndio tunaoandika tahariri kali wengine wakivunja sheria!

Msiniambie kwamba eti wasioona hawaombi kazi. Juzi ofisi yetu imetangaza nafasi ya mwandishi, na tangazo limewekwa mtandaoni likiwa picha tupu, bila hata mstari mmoja wa maandishi pembeni. Nikampigia dogo kumuuliza kama ameliona.

"Kaka, nimelifungua," akasema. "Simu imeniambia: picha."

Nikamsomea lote, neno kwa neno, mpaka namba ya sanduku la barua. Maombi mwisho Ijumaa. Ameshatuma, na safari hii kwenye kikao nitaongea.