SAFU YA MWALIMU: Besi moja, wapigaji wawili

Mwezi huu tuache kidogo mambo ya madaftari na mitihani. Nataka tuzungumze juu ya gitaa la besi, lile lenye nyuzi nne nene ambalo watu wengi hata hawaliangalii. Mimi siku za kazi nafundisha hesabu kwa kujitolea. Jumamosi na Jumapili napiga besi katika kwaya yetu, na mara nyingine tunaitwa harusini au kwenye kumaliza matanga. Si mtaalamu, ni mpigaji wa kawaida tu. Lakini kuna jambo limeingia kambini ambalo linahusu familia zote, siyo wanakwaya peke yao. Wapigaji wanaondoka, na nyuma yao hakuna anayejua kushika gitaa.

Si mnajua maisha yetu. Leo jina linatoka ubaoni kwa safari ya nchi ya tatu. Kesho familia nyingine inarudi nyumbani. Keshokutwa kijana anaoa na kuhamia upande mwingine wa kambi. Kaka aliyenifundisha besi aliondoka na watoto wake wote, na tulifurahi kwa ajili yao. Gitaa ni mali ya kwaya, likabaki. Bahati nzuri alikuwa ameshanifundisha mwaka mzima. Katika kwaya moja ya majirani haikuwa hivyo. Mpigaji wao alikuwa mmoja tu, akaondoka, gitaa likatundikwa ukutani miezi minane. Nilipoitwa kuliangalia, nyuzi zilikuwa na kutu na shingo imepinda. Pesa walizochanga watu wengi zilikuwa zinaozea pale.

Besi inafanya kazi gani?

Watoto huniuliza, "Mwalimu, mbona hilo gitaa lako halisikiki?" Mimi huwajibu: ngoja niache kupiga, ndipo mtalisikia! Kweli, ukiiondoa besi katikati ya wimbo, waimbaji wanaanza kutafutana, na wachezaji hawajui tena mahali pa kukanyaga. Solo inapamba, ridhimu inajaza, lakini besi ndiyo msingi wa nyumba. Inatembea pamoja na ngoma kubwa ya mguu, na inawaonyesha waimbaji sauti ya kurudia.

Gitaa la besi la umeme halina umri mkubwa. Lile lililolienezea duniani lilitolewa na Leo Fender, kule California, mwaka 1951. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa hasa na kontrabasi, chombo cha kusimama chenye kimo cha mtu mzima. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, OK Jazz ya Franco ilizaliwa kule Kinshasa, na wazee wetu mnakumbuka jinsi redio zilivyopeleka muziki ule mpaka Uvira, Baraka na Kigoma. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Basi mtoto anayejifunza besi hajifunzi uhuni. Anajifunza urithi wa babu zake.

Vyombo vyetu, na jinsi ya kuvitunza

Nyuzi za besi, kuanzia nene kwenda nyembamba, ni mi, la, re na sol. Ile nene inatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, ile nyembamba kama mara 98. Sauti nzito hivyo inahitaji kusukuma hewa nyingi. Ndiyo maana spika ndogo ya redio haiwezi. Ukiilazimisha inakoroma, halafu karatasi yake inachanika. Kama spika yenu ni ndogo, punguzeni sauti na isogezeni kwenye kona ya ukuta. Kona inaongeza uzito wa besi bila kuongeza umeme.

Seti mpya ya nyuzi ni ghali. Kwa mtu anayeishi kwa motisha ya kujitolea kama mimi, ni mwezi wa kufunga mkanda. Basi tunatunza. Kila baada ya kupiga napangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana jasho ndilo linaloleta kutu. Zikishakuwa bubu kabisa, tunazitoa, tunazichemsha kwenye maji kama dakika kumi, tunazikausha vizuri sana, halafu tunazirudisha. Haziwi mpya, lakini zinaongea tena kwa muda.

Kutyuni hakuhitaji mashine. Bonyeza uzi mnene kwenye nafasi ya tano ya shingo, ile sauti ndiyo ya uzi unaofuata ukiwa wazi. Fanya hivyo mpaka wa mwisho. Kama kuna kinanda, chukua mi kutoka pale. Mwenye simu yenye programu ya kutyuni naye asaidie.

Na tafadhali, gitaa lisilale chini ya paa la turubai au la bati likipigwa jua mchana kutwa. Joto linapinda shingo. Liwekeni ndani, upande wa kivuli, mbali na moshi wa jiko. Usilitundike kwa mkanda wake, linaanguka.

Sasa umeme. Hapa naomba walimu wa kwaya mshike kalamu. Betri ya volti 12 na saa-ampea 50 inabeba 12 mara 50, yaani wati-saa 600. Lakini betri ya gari ukiinyonya mpaka mwisho unaiua, kwa hiyo hesabu nusu, 300. Amplifaya ikila wati 60, 300 gawanya kwa 60 ni saa tano. Inverta nayo inakula chake, basi sema saa nne. Ukiongeza kinanda na maikrofoni, saa zinapungua tena. Hesabu hii ya darasani imetuokoa na aibu nyingi za harusini.

Jambo moja la usalama. Umeme unaotoka kwenye inverta, wa volti 220 na zaidi, unaua mtu sawasawa na ule wa mjini. Mvua ikianza, zima kwanza, ndipo ubebe. Waya uliochubuka usishikwe na mikono yenye maji, na watoto wasikae karibu na betri.

Tukiitwa harusini

Wazazi wengi wanadhani tukija kupiga hatuna gharama, kwa kuwa sisi ni ndugu na majirani. Ni kweli sisi ni ndugu. Lakini betri inachajiwa kwa pesa, spika inabebwa na mtu begani, na mpiga besi ana njaa kama mgeni mwingine. Siku moja tulipiga kuanzia mchana, jua likazama, betri ikaanza kufa na sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Familia ikasema tumeharibu sherehe. Kumbe hakuna aliyekuwa amesema mapema nani atachaji betri na tutaacha saa ngapi.

Tangu hapo tunakubaliana mambo manne kabla ya siku. Nani analipa kuchaji? Nani anabeba vyombo kwenda na kurudi? Wapigaji watakula wakati gani? Mwisho ni saa ngapi? Hatuandiki mkataba mkubwa, tunakaa tu na baba wa bibi harusi au mjomba wake dakika kumi. Na tunaacha mapema, ili wadogo zetu warudi majumbani kabla ya giza. Mama mmoja aliniambia, "Sasa mwalimu, nimeelewa, nyinyi siyo redio." Nikacheka. Ndivyo hasa.

Nani atafuata?

Sasa narudi kwenye lile linaloniuma. Kwaya yenye mpiga besi mmoja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Siku ya safari haitungojei. Ndiyo maana kwetu tumeweka sheria: mpigaji yeyote wa chombo chochote lazima awe na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi huyo apige angalau wimbo mmoja mbele ya watu kila mwezi. Kumtazama mwingine tu haitoshi. Vidole havijifunzi kwa macho.

Mimi mwanafunzi wangu ni msichana wa miaka kumi na minne. Mama yake mwanzoni alikataa. Alisema besi ni ya wanaume, na mazoezi yatampoteza usiku. Hofu yake ilikuwa na sababu, wala sikumbishia. Tulihamisha mazoezi yakawa Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi mchana, mlango wazi, na mama au kaka yake anakaribishwa kukaa. Tena nilimweleza kwamba kule Guinea, tangu mwaka 1961, kulikuwa na bendi nzima ya wanawake askari, Les Amazones de Guinée, ambao walipiga wenyewe magitaa na ngoma zao. Na Manou Gallo wa Côte d'Ivoire ni mwanamke aliyezunguka nchi nyingi na besi yake. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi aje, lakini kwanza avioshe vyombo." Vyombo vinaoshwa, na binti anapiga.

Wapo watakaosema, "Sisi hatuna gitaa, tutaanzaje?" Anza na ulichonacho. Kinshasa kulikuwa na kundi la Konono No. 1 la mzee Mawangu Mingiedi. Walipiga likembe, moja wapo ikiwa ya sauti ya besi, na vyombo vya kukuza sauti walivitengeneza wenyewe kwa vipande vya magari mabovu. Muziki huo ukafika Ulaya na Marekani. Mtoto wa kambini anaweza kuanza na ubao uliochorwa mistari minne, ajifunze vidole vikae wapi, huku anaimba ile sauti ya chini kwa mdomo. Nimeanza na watoto wawili hivyo. Wiki waliyoshika gitaa la kweli, vidole vilikuwa vinajua njia.

Basi wazazi, naomba mawili mwezi huu. La kwanza, uliza katika kwaya au kikundi chako: wapiga besi ni wangapi? Wakisema mmoja, uliza mwanafunzi wake ni nani. La pili, kama jina lako limetoka kwa safari na unajua chombo chochote, usisubiri wiki ya mwisho, ile ya kupima afya na kufunga mizigo. Tafuta mtoto sasa, mpe saa mbili kwa wiki. Utaondoka na nguo zako na picha zako. Ujuzi wako unaweza kuuchukua na pia kuuacha.

Binti wangu wa besi ameshajua nyimbo sita. Bado ya saba inamsumbua, kwa sababu mkono wake ni mdogo na nafasi za chini ya shingo ni pana. Nimemwambia aanzie juu, karibu na mwili wa gitaa, ambako nafasi zimebanana. Anayetaka kuanza pamoja naye, Jumamosi saa nane, aje na daftari na kitambaa cha kupangusia nyuzi.

Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.