Mkeka Wako Unajenga Talanta. Na Kinoru Je?

Unakumbuka ile Jumapili ya Mei 2024? Man U wamechapwa na Arsenal 1-0, mvua ikashuka Old Trafford, maji ikaanza kumwagika kutoka kwa paa kama bomba imepasuka. Tuliwacheka wiki mzima. Machi 2025 klabu ikatangaza inataka kujenga uwanja mpya wa watu 100,000. Fiti. Lakini shika hii namba: Old Trafford ilifunguliwa 1910. Imetumika zaidi ya miaka 110 kabla wenyewe waseme imechoka.

Sasa rudi hapa nyumbani. Nyayo ilifunguliwa 1983. Kasarani ikafuata 1987, juu ya All Africa Games. Yaani hizo viwanja ni rika ya mathe yako, na mathe bado anaenda soko kila siku. Lakini 2024 hakuna hata moja ilikuwa inaruhusiwa kuandaa mechi za Harambee Stars. Juni tukacheza mechi za "nyumbani" Lilongwe, Malawi, na Burundi halafu Ivory Coast. Septemba na Oktoba tukahamia Kampala kucheza na Zimbabwe na Cameroon. Mwenyeji anakuwa mgeni kwa boma ya jirani. Tulirudi Nyayo Machi 2025, Gabon wakatuchapa 2-1 mbele ya watu wetu.

Halafu CHAN ikakuja Agosti 2025. Kasarani imepigwa msasa, vijana wako wachezaji kumi uwanjani na bado wakalaza Morocco 1-0. Mtaa mzima ulikuwa juu. Shida ni kwamba nje ya uwanja watu walikuwa wanalazimisha kuingia bila tiketi, na CAF ikasema mechi ya Zambia tiketi ni 27,000 pekee. Huu ni uwanja tumekuwa tukiuita wa 60,000 tangu tukiwa watoto.

Kwa hivyo tusibishane: Nairobi inahitaji uwanja mpya. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na tayari tuliwahi kupoteza AFCON ya 1996 ikaenda South Africa. Ndio maana Machi 2024 serikali ilianza kujenga Talanta pale Jamhuri, kando ya Ngong Road. Viti 60,000. Mimi niko sawa na hiyo. Swali langu ni nani analipa, na nani ataitunza kamera zikishaenda.

Hapa ndipo unaingia wewe, msee wa Mitunguu, Nkubu, Chuka ama Runyenjes, hata kama hujawahi kukanyaga Ngong Road.

Talanta inajengwa na deni. Julai 2025 bondi yake iliingia soko la hisa la Nairobi: zaidi ya shilingi bilioni 44, kulipwa kwa miaka 15, faida ya wawekezaji kama asilimia 15 kwa mwaka. Na doo ya kulipa inatarajiwa kutoka kwa Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Huo mfuko hulishwa na nini? Ushuru wa kubet, lotari na kamari. Ndio huo mkeka wako wa timu kumi na mbili uliochanika juu ya timu moja dakika ya 93. Wewe umepoteza, kampuni imekula, serikali imekata yake, na sehemu ya hiyo inaenda kulipa viti vya Ngong Road mpaka karibu 2040.

Huo mfuko haukuundwa kwa uwanja mmoja. Uliundwa kusaidia michezo na sanaa nchi nzima, pamoja na huku mashinani. Ukishafungwa na deni la miaka 15, kila akademia na kila kiwanja cha kijiji itabidi ingoje foleni nyuma ya wawekezaji.

Sasa tuongee Kinoru, uwanja mkubwa wa hapa kwetu Meru. Ilikuwa kwa listi ya viwanja vitano vya CHAN 2018. Septemba 2017 CAF ikatunyang'anya mashindano juu hatukuwa tayari, Morocco wakapewa, na wakashinda kwao. Kinoru ikaandaa Madaraka Day tarehe 1 Juni 2018. Moi Stadium pale Embu nayo ikapata zamu yake Madaraka Day ya 2023.

Umeona mtindo? Viwanja vyetu vinafuata kalenda ya sikukuu, ligi baadaye. Rais akiwa anakuja, rangi inapakwa, nyasi inamwagiliwa, mwanakandarasi analala saiti. Helikopta ikishapaa, inabaki padlock na askari wa geti. Uwanja unazeeshwa na hiyo, miaka ni kisingizio tu.

Na usiniambie sisi hatuwezi kutunza kitu. Mitunguu hapa kuna mradi wa maji ulianza miaka ya 1980, rika moja na Kasarani. Ndizi unaziona zikipakiwa lori kuenda Nairobi zinatokana na hayo maji. Bomba ikipasuka, mkulima hangoji sherehe ya kitaifa, juu shamba itakauka wiki hiyo hiyo. Watu wanachanga, fundi anaitwa, maji inarudi. Tofauti na uwanja ni kwamba huku anayetumia ndiye anadai. Kwa uwanja, anayedai ni mheshimiwa wa siku moja.

Kwa hivyo fom ni gani? Katiba ya 2010 ilipatia kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Hiyo inamaanisha kiwanja unachochezea si lazima kingoje Nairobi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi. Najua hivyo vikao, vimejaa wazee na ajenda ni barabara. Nendeni na kapteni wa timu yenu na maswali matatu. Kinoru imetengewa pesa ngapi za kuitunza mwaka huu, kando na za kujenga? Timu za mashinani zinaweza kuitumia siku ngapi kwa mwezi, na kwa bei gani? Kiwanja cha wadi yetu kitapata lini geti, choo na nyasi?

Talanta ikifunguliwa nitashangilia kama wewe, na AFCON tutaijaza. Lakini kama hakuna bajeti ya kuitunza iliyoandikwa mahali mwananchi anaweza kuisoma, itazeeka kama Kasarani. Na wakati huo dogo wa Mitunguu mwenye mguu wa dhahabu atakuwa bado anacheza kwa vumbi ya shule ya msingi, akibet usiku, akilipia uwanja ambao hajawahi kuuona.

Aprili si mbali. Ambia kapteni.